Nani Kasema Mwanika Dagaa si Mvuvi?

Asubuhi pale Igombe, mwalo wa Ziwa Victoria huko Mwanza, jua likianza kuchoma, kina mama huinama wakigeuza dagaa. Wachache wana chanja za kuanikia juu, wengine wanaanika chini. Dagaa wa chini anashika mchanga, na akishashika mchanga bei inaporomoka, anaishia kwenye chakula cha kuku. Miaka ya nyuma nilimuuliza mama mmoja pale kama yeye ni mvuvi. Alicheka. "Mvuvi mume wangu, mimi naanika tu." Juzi nimemuuliza mwingine, mtu mzima, akanikata jicho: "Kwani hawa dagaa wamejianika? Mimi ni mvuvi."

Wanawake wawili si utafiti, najua. Lakini jibu la huyu wa pili limetoka mbali, na halikuanzia wizarani.

Mwaka 1984 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, liliitisha mkutano mkubwa wa uvuvi Roma. Huo ulikuwa mkutano wa serikali. Wavuvi wadogo na watetezi wao kutoka nchi mbalimbali wakafanya wa kwao mjini humohumo, kipindi hichohicho. Miaka miwili baadaye likazaliwa shirika la kimataifa la ICSF huko Trivandrum, kusini mwa India, kuwasemea watu wa uvuvi. Mwaka 1997 vyama vya wavuvi vikakutana New Delhi kuunda jukwaa la dunia, na ndiko ilikotoka Siku ya Uvuvi Duniani, Novemba 21. Mwaka 2000 wakagombana wakiwa Ufaransa, jukwaa likapasuka mawili. (Wanaharakati nao ni watu. Nani kaona ushirika usiogombana?)

Juni 2014, Roma ileile, nchi wanachama wa FAO zikapitisha mwongozo wa hiari wa kulinda uvuvi mdogo. Safari hii wavuvi walikuwa ndani, wamechangia maandishi yenyewe. Mwongozo umetolewa kwa kumbukumbu ya Chandrika Sharma, katibu mtendaji wa ICSF, aliyepotea na ndege ya Malaysia MH370 Machi mwaka huohuo, akielekea kwenye kikao cha FAO Mongolia. Hakuwahi kuuona ukipita.

Kwangu mimi ushindi mkubwa uko kwenye tafsiri moja. Mwongozo unasema uvuvi mdogo ni kazi zote, kabla ya kuvua, wakati wa kuvua na baada ya kuvua, za wanaume na za wanawake. Mwanika dagaa kaingia kwenye hesabu. Afisa anayemwambia leo kwamba yeye ni mchuuzi tu, mambo ya uvuvi awaachie wenye mitumbwi, anapingana na neno ambalo serikali zenyewe zimelikubali.

Wapo watakaosema hizo ni ajenda za wazungu. Trivandrum iko Ulaya? Wasomi wa Marekani Margaret Keck na Kathryn Sikkink walishaeleza mbinu hii miaka ya tisini: mtu akifungiwa mlango na serikali yake, anapeleka kilio nje ya mipaka, kisha kilio kinarudi nyumbani kikiwa na watu nyuma yake. Mbona sisi tunaijua tangu utotoni? Baba akikataa, unakwenda kwa shangazi. Shangazi akija kukaa sebuleni, baba anasikiliza.

Kwetu, mwaka 2019 ulizinduliwa mwamvuli wa wanawake wa uvuvi, TAWFA, na mwaka 2021 Tanzania ikatoa mpango wa taifa wa kutekeleza mwongozo ule. Si haba.

Kinachonikera ni hilo neno "hiari". Serikali yoyote inaweza kupiga makofi Roma, ikarudi nyumbani, isipeleke hata choo kimoja mwaloni, na hakuna wa kuishitaki. Watetezi wa mwongozo husema bila hiari nchi nyingi zisingekubali kabisa. Huenda. Ila hiari inataka wa kuikumbusha kila siku, na wa kukumbusha ni huyohuyo mama ambaye dagaa wake wanamsubiri juani.

Nilipokuwa namsimulia yule mama wa pili habari hizi za Roma, wingu lilishatanda upande wa ziwani. Alinisikiliza kidogo, kisha akanirushia ncha ya turubai.

"Mwanangu, shika huku. Na hao wa Roma waambie tunataka chanja."