Pointi 25: hesabu inayowapeleka watoto kambini

Ukikaa na vijana waliomaliza Kidato cha Nne kwenye shule za kata za Rungwe, Kilolo au Makete, wilaya za milimani kusini mwa Tanzania, ukawauliza mtihani ulikuwaje, mazungumzo hayachukui muda kufika kambini. Kambi ni ile miezi ya mwisho, tangu baada ya mtihani wa utamilifu (mock, ule wa majaribio) hadi mtihani wa taifa wa Novemba, ambapo shule ya kutwa inawalaza watahiniwa wake madarasani ili wapate kusoma usiku na alfajiri. Wapo wanaosema bila kambi wangeambulia ziro, yaani kufeli. Wapo wanaosema iliwachosha, walikula maharage yaliyobunguliwa na kukaririshwa majibu kama kasuku. Pembeni kuna sauti nyingine, ya watu wa mjini ambao wengi wao walilala bweni tangu Kidato cha Kwanza. Hao wanadai kambi ni mradi wa walimu wakuu wa kukamua wazazi na kupamba wastani wa shule. Sauti hii ndiyo inayosikika zaidi, na naona inaongea bila kujua mtoto wa kutwa anaishije.

Mkosoaji anapofikiria kambi huwa anailinganisha na nyumbani: mama yupo, chakula kipo, mtoto analala kitandani kwake. Kwa watoto wengi wa milimani hicho si kilichokuwepo kabla ya kambi. Shule za kata zilijengwa kwa kasi kuanzia 2004 kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na lengo lilikuwa kila kata iwe na yake. Lakini kata ya Makete au Kilolo ni mabonde na makorongo. Kijiji unachokiona kwa macho ng'ambo ya pili kinaweza kuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mzazi asiyetaka mwanawe atembee hivyo gizani humpangia chumba karibu na shule, na hapo ndipo yanapozaliwa mageto: binti wa miaka kumi na mitano, debe la unga, jiko la mkaa, na hakuna mtu mzima wa kumuuliza jana alilala saa ngapi. Kwa binti huyu kambi inalinganishwa na geto. Sijasikia mkosoaji hata mmoja akilitaja.

Asiyepanga anatembea. Anaamka saa kumi na moja, anachota maji, anafika darasani na soksi zimelowa umande. Jioni kuna kuni, kuna mboga, kuna wadogo zake. Daftari linafunguliwa saa tatu usiku kwa tochi ya simu, kama simu ina chaji. Kisha Novemba mvua zinaanza, na huku kwetu mvua za kwanza ni viazi na mahindi, kila mkono unahitajika shambani. Mtihani umewekwa kwenye wiki zilezile.

Kambini anapata nini? Ukiingia kwenye darasa lililogeuzwa bweni utaona magodoro sakafuni, tranka zimepangwa ukutani, madawati yamebebanishwa nyuma, na ubaoni bado kuna swali la hesabu la jana ambalo hakuna aliyelifuta. Uji saa nne, ugali na maharage mchana, ugali na maharage usiku. Prepo, yaani kujisomea, inaanza saa moja jioni hadi saa nne, chini ya taa ya sola. Walimu ni walewale, vitabu ni vilevile. Kilichoongezeka ni muda wa kusoma, saa tano au sita kwa siku, na kwa mtoto ambaye hajawahi kuwa nao tangu aanze sekondari hilo si jambo dogo. Wahitimu wenyewe wanalisema kwa namna yao: kule ndiko walikopiga msuli kwa mara ya kwanza.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo wengi wanaiona kwenye matokeo bila kuipiga. Baraza la Mitihani linachukua masomo saba bora na kujumlisha pointi zake; pointi zikiwa chache ndiyo vizuri. A inaanzia 75 na ni pointi 1. B inaanzia 65, pointi 2. C inaanzia 45, pointi 3. D inaanzia 30, pointi 4. Chini ya hapo ni F, pointi 5. Divisheni ya tatu inaishia pointi 25. Chukua mtahiniwa mwenye C tatu za 45 na D nne za 30. Pointi zake ni 9 na 16, jumla 25, divisheni ya tatu. Alama zake zote ni 255 kati ya 700. Chukua mwenzake mwenye C mbili za 64 na D tano za 44. Pointi zake ni 6 na 20, jumla 26, divisheni ya nne. Alama zake zote ni 348.

Yaani amemzidi mwenzake alama 93, na bado mwenye 255 ndiye anayeweza kupangiwa Kidato cha Tano, kwa sababu sharti ni angalau C tatu na pointi zisizozidi 25. Huyu wa 348 anabaki nyumbani, au mzazi atafute ada ya chuo.

Chini kabisa mambo ni yaleyale. D moja na F sita ni pointi 34, ziro. Apate D ya pili, pointi 33, divisheni ya nne, anahesabiwa amefaulu. Alama moja kutoka 29 kwenda 30 inamtoa mtu kwenye ziro, wakati alama kumi na nane kutoka 46 kwenda 64 hazibadilishi hata pointi.

Mwalimu wa taaluma wa shule ya kata anaijua hesabu hii kichwani. Matokeo ya mtihani wa utamilifu yakitoka, anakaa na orodha na kalamu nyekundu: huyu ana 41 ya Jiografia, asukumwe, huyu ana 27 ya Uraia, asukumwe, huyu ana 12 ya Fizikia, aachwe. Kambi nzima inapangwa kufuata orodha hiyo. Kwa hiyo wanaosema kambi inafundisha mtihani badala ya elimu wanasema kweli. Ila kanuni ya pointi haikutungwa Makete. Shule binafsi za bweni zina miaka minne ya kufanya kazi hiyohiyo kwa utulivu, pepa baada ya pepa, na hakuna anayeziita kambi. Sioni kwa nini ujanja uwe halali kwa mwenye ada na uwe aibu kwa mtoto wa mkulima wa viazi.

Kuhusu wastani wa shule, nawapa wakosoaji nusu ya hoja. Ni kweli wapo wakuu wa shule wanaoendesha kambi kwa hofu ya kikao cha tathmini cha wilaya. Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, ila huku chini bado shule zinapangwa kwa nafasi, na aliyeshika mkia anajieleza mbele ya wenzake. Hofu hiyo ndiyo inayofanya vidato vya chini visahaulike Septemba na Oktoba, walimu wakiwa wameelekezwa kambini. Mtoto wa Kidato cha Pili ana upimaji wake wa kitaifa mwaka huohuo. Nani anamsukuma yeye?

Michango nayo ina ukweli wake mchungu. Ada ilifutwa 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima. Tangu hapo kambi inaitwa makubaliano ya wazazi: debe la mahindi, kilo kadhaa za maharage, fedha kidogo ya mpishi na kuni. Kwenye muhtasari wa kikao ni hiari. Ijumaa, mtoto ambaye debe lake halijafika anaambiwa akalifuate nyumbani, na wengine hawarudi. Hilo halina utetezi, hasa kwa shule yenye ekari za shamba zinazolimwa na wanafunzi walewale. Usalama wa mabinti sitaki hata kuujadili kwa kirefu: pasipo matroni na choo chenye mlango unaofungika kwa ndani, kambi isifunguliwe.

Hoja inayonisumbua kuliko zote hawaisemi watu wa mjini. Wanaisema wahitimu, tena matokeo yakishatoka. Ni ile 12 ya Fizikia iliyoachwa. Mtoto amesajiliwa, pepa atafanya, lakini anaambiwa asipoteze muda wake, akazane na Historia na Kiswahili apate C zake tatu. Anazipata. Kisha anagundua kwamba stashahada ya utabibu, ambayo wazazi wengi wa vijijini ndiyo wanayoiota, inadai ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia. D ya Fizikia ingetosha. Amefika pointi 25 kwa njia iliyomfungia mlango aliokuwa akiutaka, na aliyemfungia ni mwalimu aliyekesha naye.

Hapa shule ndiyo yenye la kujibu. Kabla ya kumwambia mtoto aachane na somo, imwite mzazi, iwaeleze wote wawili kwa Kiswahili kinachoeleweka kozi zipi zinaondoka pamoja na somo hilo, kisha wao ndio waamue. Mazungumzo hayo yafanyike mara tu mtihani wa utamilifu ukisharudi, wakati bado kuna wiki za kutosha kumvuta kutoka 12 hadi 30 akisema Fizikia anaitaka.