Rangi za Jicho la Paka sio urembo tu

Habari nzuri sana hii ya picha ya nebula ya Jicho la Paka, lile wingu linalong'aa angani kuzunguka nyota inayokufa, ila naona wengi hapa mnasema eti rangi zimepakwa tu na kompyuta. Wakuu, kompyuta inaongeza ndio lakini nyuma yake kuna mwanga wa kweli. Mwaka 1864 William Huggins kule London aliielekezea nebula hiyohiyo spektroskopu, kifaa cha kutenganisha mwanga kwa rangi zake, badala ya upinde wa rangi zote akakuta mistari michache inayong'aa, ndo ikajulikana ni gesi sio rundo la nyota. Sasa ule mstari wa kijani haukufanana na wa elementi yoyote iliyojulikana, baadae watu wakadhani ni elementi mpya wakaiita nebuliamu, mpaka 1927 mwanafizikia Ira Bowen wa Marekani akaonyesha ni oksijeni hii hii, imepoteza elektroni mbili, na maabara hatuuoni mwanga huo kirahisi maana atomi zinagongana kabla hazijautoa, ila kule kwenye nebula gesi ni nyembamba mno, hazigongani ovyo. Hapo napenda sayansi kupita kiasi! Na yale maganda ya gesi ya nje, nyota ya katikati iliyatema kila baada ya miaka kama 1,500 hivi, kwanini kwa mpangilio ule bado wanabishana. Mhariri tuletee makala ya hilo tafadhali.