Shangazi, Mwalimu na ile Crown Nyeusi

Shangazi yangu ni wa Bukoba, na mtu wa Bukoba ukimwambia mji wako ulijengwa na mfalme, cha kwanza atakuuliza mfalme yupi na wa ukoo gani. Huyu wa kwangu kakulia maeneo ya Kanazi, kwenye lile jumba ambalo Wajerumani walimjengea Omukama Kahigi, kwa hiyo majumba ya wafalme kwake si habari za kwenye vitabu, ni kitu alichokuwa anakipita akienda kuchota maji. Alikuja Dar kutibiwa macho, akakaa kwangu Kimara anaangalia mwendokasi zinavyopita, mpaka siku hiyo akaweka kikombe cha chai chini akasema mwanangu, hivi huu mji wenu ukiondoa foleni kuna nini kingine?

Sasa baba mwenye nyumba wangu ni mwalimu mstaafu wa historia, mgane, mtu mpole kabisa labda umguse kwenye mambo mawili, umeme na Sultani Majid. Alikuwa pale barazani anahangaika kuingiza namba za luku, akageuka. "Samahani mama kuingilia maongezi. Huu mji ni wa kifalme. Sultani kaujenga mwenyewe."

Shangazi akamwangalia juu mpaka chini. "Sultani gani huyo anabeba zege?"

Palepale ziara ikapangwa, Jumamosi.

Shida ikawa usafiri. Shangazi bajaji hapandi, daladala ndo kabisa usimtajie, alisema kama tunaenda kwa mfalme basi twende na gari la maana. Nikampigia dogo mmoja anayeendesha Crown ya bosi wake, nyeusi, inang'aa mpaka unaweza kuchania nywele mlangoni. Bei aliyonitajia ilikuwa ndogo mpaka nikamuuliza tena. Akasema we chukua tu kaka, ila saa saba iwe imerudi, mchana ina kazi. Kazi gani? Simu ikakata, au aliikata, mpaka leo hajanijibu vizuri.

Jumamosi asubuhi honi ikalia getini, nikatoka. Jamani. Boneti nzima ilikuwa maua mekundu ya plastiki, riboni nyeupe zimevutwa kutoka pua ya gari mpaka kwenye vioo vya pembeni, kila kitasa kina fundo lake, na pale kwenye plate namba wamebandika kibao chenye kopa kubwa na majina mawili ya watu nisiowajua. Dogo wala hakuniangalia usoni. "Mpambaji alikuwa na nafasi jana usiku tu kaka. Tukiyatoa hayarudi, na bosi ataniua. We jikaushe, nani atajali?"

Kabla sijamjibu shangazi katoka ndani. Kavaa gauni la lesi jeupe, lile la kipaimara cha mjukuu, kilemba cheupe, pochi nyeupe. Nyuma yake mwalimu na suti ya kijivu, tai nyekundu, nyekundu ileile ya maua. Nikawaangalia wale wawili nikaiangalia gari nikaona kabisa balaa linakuja ila sikujua niliseme kuanzia wapi, maana shangazi alikuwa ameshaizunguka Crown yote, akashika ua moja kwa vidole viwili, akatikisa kichwa ameridhika. "Sasa hili ndo gari," akasema, na akaingia siti ya nyuma. Yaani alijua tumempambia yeye. Mwalimu akafunguliwa mlango wa upande wa pili, mimi mbele kwa dereva, twende.

Ubungo hatujafika bodaboda washaanza kutupigia honi, pii pii pii, wengine wanainua tairi la mbele. Magomeni kwenye taa akina mama wa kwenye daladala wakapiga vigelegele, konda akagonga bati akapayuka "hongera babuuu, umri namba tu!" Mwalimu hakusikia, alikuwa kwenye mwaka 1862. Shangazi alisikia honi tu, akawa anainua mkono taratibu dirishani, kiganja kimegeuzwa kidogo, vilevile wanavyopunga wakubwa. Akaniambia watu wa Dar wana adabu kuliko alivyoambiwa.

Kituo cha kwanza Boma la Kale, Sokoine Drive, mkabala na boti za Zanzibar. Hapo mwalimu alishuka na nguvu mpya. Akamshikisha shangazi ukuta, mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene huo, wa miaka ya 1860, akamwambia hapa ndo walikuwa wanafikia wageni wa Sultani Majid bin Said. Kwamba hapa pote palikuwa kijiji cha wavuvi kinaitwa Mzizima, Majid akiwa Sultani wa Zanzibar akaona bandari hii imekaa vizuri, akaanza kujenga mji na jumba lake, na mwaka 1867 akafanya karamu kubwa akawaalika mabalozi wa Uingereza, Ufaransa, Marekani na Wajerumani waje waone.

"Na jumba lenyewe liko wapi?" shangazi.

"Halipo mama. Majid alifariki 1870. Wengine wanasimulia alianguka humohumo ndani ya jumba."

"Sakafu ilikuwa imepigwa deki?"

Mwalimu akakaa kimya kidogo, nadhani swali hilo miaka yote ya kufundisha hakuwahi kuulizwa. Akaendelea kwamba mdogo wake, Barghash, alipokalia kiti hakuutaka tena mji, ukabaki magofu mpaka Wajerumani walipokuja, na 1891 wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo. Shangazi akasema basi la Kahigi bora, lipo mpaka leo. Mwalimu hilo lilimuuma, nilimwona.

Tulipotoka hapo tukapita mbele ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile la Wajerumani lililomalizika 1902, na pembeni ya barabara palikuwa na kirikuu imepaki, nyuma imejaa vijana wa matarumbeta wamekaa juani na mashati yao ya njano. Mmoja akaona kopa yetu. Akamgonga mwenzake. Mwenzake akasoma yale majina. Nikaona midomo inafunguka, mtu wa ngoma kubwa akaruka juu, na kabla dogo hajabadili gia kirikuu lilikuwa limeingia nyuma yetu, PARAPAPAAA!

"Dogo simama uwaambie," nikasema.

"Nisimame wapi, nyuma kuna mwendokasi!"

Shangazi akageuka kuangalia kioo cha nyuma, akajiweka sawa kilemba. "Na hawa mmewalipa shilingi ngapi?"

Halafu dogo, sijui mazoea au woga, alipofika kipilefti cha sanamu ya Askari akaanza kuzunguka, si unajua msafara wa harusi ukikuta kipilefti lazima uzunguke mpaka watu wapate kizunguzungu. Tukazunguka, kirikuu inazunguka, bajaji mbili zisizotuhusu nazo zinazunguka. Na mwalimu, Mungu amjalie maisha marefu, akaona hapo ndo pa kufundishia. Kila tukipita mbele ya sanamu anatoa kipande. Mzunguko huu anapaza sauti kwamba mwanzo hapa palisimama sanamu ya Mjerumani, von Wissmann. Tumba tumba paraparaa. Tukija tena, Waingereza walipoteka mji 1916 wakamng'oa! Parapapaa. Tukija tena, huyu Askari kasimamishwa 1927, kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza, na singe yake imeelekea bandarini, angalia mama, angalia! Shangazi anaangalia, ila saa hiyo singe ishakuwa mgongoni kwetu, inabidi asubiri duru nyingine. Watu wa Samora wametoa simu wanarekodi.

Tukashuka Kivukoni, tukapita Feri na harufu ya samaki, tukaingia barabara ya baharini nyuma ya Ikulu, Magogoni. Na hapa nitasema kitu ambacho nilikiona kwa macho yangu. Ile tumeanza tu kuusogelea uzio, matarumbeta yakaanza kufa yenyewe. Hakuna aliyewaambia. Tarumbeta la kwanza likashuka, likafuata la pili, mpiga ngoma akaikumbatia ngoma yake kifuani kwa mikono miwili, kirikuu zima limekaa kimya kabisa linaangalia mbele, hata dogo kapunguza pumzi. Mwalimu naye akawa ananong'ona, anamwambia shangazi hapa palikuwa kwa gavana wa Kijerumani, meli za Waingereza zikapatwanga mizinga kwenye vita, halafu haohao Waingereza walipouchukua mji wakalijenga upya, 1922.

"Wanabomoa halafu wanajenga wenyewe," shangazi naye akanong'ona. "Hawakuwa na kazi?"

Tulipomaliza uzio, paraparaa ikarudi juu kuliko mwanzo, nadhani walikuwa wanajitoa hofu.

Bustani ya Mimea ndo tulikomalizikia. Bustani yenyewe ya 1893, mwanzilishi wake Mjerumani Stuhlmann, walikuwa wanajaribishia mazao hapo, zamani ilikuwa kubwa sana kuliko kile kipande kilichobaki. Mwalimu alikuwa na hamu ya kuonyesha mnazi wa Shelisheli, ule wenye mbegu kubwa kuliko mimea yote duniani, ila kama ushawahi kuiona hiyo mbegu unajua umbo lake lilivyo, na mwalimu alipofika kwenye umbo akasema "lina, eeh, lina umbo la pekee," akafuta jasho. Shangazi akasema ameliona, asihangaike.

Ila kumbuka ni Jumamosi, na Jumamosi bustani ile ni ya maharusi. Wapiga picha walituona tunashuka na kopa yetu na bendi yetu wakatuvamia. Mzee sogea kwa mama! Mama tabasamu kidogo! Mzee weka mkono kiunoni!

"Mimi ninaeleza historia," mwalimu anajitetea.

"Mwalimu, shika tu," shangazi akamwambia, "jua kali."

Akashika. Na mimi na simu yangu nikapiga moja, ilikuwa nzuri jamani siwezi kudanganya, lesi nyeupe, tai nyekundu, matarumbeta nyuma yameinuliwa. Nikaituma kwenye grupu la ukoo. Nikawa naandika maelezo chini yake, bando likaisha.

Saa hiyohiyo nyuma yangu nikasikia ko! Nikageuka. Tausi. Dume, mkia mrefu, kasimama mlangoni kwa Crown anaangalia tausi mwingine aliyemo ndani ya rangi nyeusi. Akainamisha shingo, yule mwingine naye akainamisha. Akatanua mkia wote, mwenzake naye akatanua. Sasa tausi dume hilo hawezi kulivumilia, akarudi nyuma hatua moja akashuka na mdomo, ko! ko! ko! Dogo akavua ndala anamfukuza, tausi anazunguka gari na kila mlango anakuta adui mpya, matarumbeta wakaona vurugu wakadhani ni sehemu ya shughuli wakaongeza mwendo. Mwalimu kwa mbali anamwambia shangazi kwamba tausi wa Ikulu ndo wale Magufuli aliwagawia marais wastaafu mwaka 2020. Shangazi anauliza utaratibu wa kuomba ukoje.

Simu ya dogo ikaita. Bosi. Alikuwa anaongea kwa sauti ambayo haikuhitaji spika. Gari iko wapi, matarumbeta yako wapi, bibi harusi kamaliza salooni Sinza anasubiri barabarani na shela lake, bwana harusi kaenda kanisani kwa bodaboda na kiatu kimoja kimeingia maji. Tukaondoka pale mbio. Sinza bibi harusi na mpambe wake walikaa nyuma, shangazi alisema yeye hashuki maana kalipiwa, akahamia mbele, kwa hiyo mimi na mwalimu tukapandishwa kwenye kirikuu. Mwalimu alipewa ngoma aishikilie. Michubuko ya tausi mlangoni mpambe aliifunika kwa rangi ya kucha, nyeusi, tena alikuwa nayo kwenye pochi, ukiangalia kwa mbali huoni. Bosi aliangalia kwa karibu, ila hayo tulimalizana.

Jioni nimenunua bando, simu ikatetemeka mpaka ikatembea mezani. Grupu zima limejaa hongera, watu wa Muleba ambao hawajawahi kuandika chochote wametuma maua. Kabla sijajibu baba akapiga kutoka Bukoba, hata salamu hakunipa. Huyo mzee ni wa wapi, kabila gani, kwa nini dada yangu anaolewa mimi sijui, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, inaletwa lini?

Niliweka spika ili nisijibu peke yangu. Shangazi akaendelea kumenya ndizi kimya, wala hakuinua macho. Mwalimu akakohoa, akarekebisha tai, akaniuliza taratibu, "Hivi hiyo rubisi, kwa hapa Dar inapatikana wapi?"