Tochi ya Mikese

Mke wangu hajawahi kunipekua simu. Hana haja. Trafiki wanamfanyia kazi hiyo bure, mchana kweupe, wakiwa wamejibanza nyuma ya mwembe na tochi mkononi, ile ya kupima mwendo wa gari.

Anachohitaji yeye ni namba ya gari tu. Anaingia kwenye mfumo wa kuangalia madeni ya magari, anaandika namba za IST yetu, na papo hapo anaambiwa kila kitu: kosa, mwendokasi, eneo, mahali fulani, tarehe, faini, 30,000. Huulizwi wewe ni nani wala hilo gari linakuhusu nini. Jirani anaweza kuangalia. Mwenye nyumba unayempiga chenga ya kodi anaweza kuangalia, akajua ulikuwa Segera siku ile uliyomwambia umelazwa. Mke wangu huangalia kila Jumatatu, kwa sababu ndiye mweka hazina wa nyumba, na deni lisipolipwa ndani ya siku 7 linaongezwa asilimia 25, linakuwa 37,500. Kwake yeye hiyo 7,500 ya juu ni mboga ya watoto.

Jumatatu hiyo nilikuwa nakunywa chai.

"Baba watoto, si ulisema Jumamosi gari lilikuwa kwa fundi?"

"Eeh. Bushi za mbele."

"Yule yule wa Tandale?"

"Huyo huyo."

Akanigeuzia simu. "Sasa huyu fundi bushi anaenda kuzijaribia Mikese?"

Kwa wasioijua, Mikese iko Morogoro, kwenye barabara kuu ya kutoka Dar, ukikaribia kuiona milima ya Uluguru. Kutoka Tandale ni zaidi ya kilomita 150. Gari langu, lililotakiwa kuwa juu ya jeki likiwa halina matairi, lilikuwa limepigwa tochi huko likitembea 74 kwenye kibao cha 50. Safu ya namba ya leseni ingeweza kuniokoa, lakini jedwali halikuenea kwenye simu. Safu hiyo ilibaki nje ya kioo upande wa kulia, na mtu akishasoma neno Mikese hasogezi tena kidole kutafuta leseni.

Nami sikumwambia asogeze. Kwa sababu swali la pili lingekuwa: hii leseni ni ya nani?

Ilikuwa ya baba yake.

Mzee ni mtumishi mstaafu, mtu wa heshima zake, na ana gauti. Daktari alimkataza nyama nyekundu. Binti zake nao wakaongeza lao, wakamkataza kuendesha gari kupita Mbezi. Ijumaa jioni alinivuta pembeni, sauti ameishusha kama anauza bangi. "Mwanangu, niazime gari kesho. Wastaafu tuna kikao Kibaha. Ila hawa wanawake wasijue, watanipigia kelele." Huyu ndiye aliyekaa upande wangu siku ya mahari, shangazi zake mke wangu walipotaka kunikamua mpaka nibaki na shati. Utamwambiaje hapana? Funguo nikampa, na fundi wa Tandale nikamuundia kazi ya bushi.

Mke wangu mwanzoni alinihurumia. Aliamini fundi analitumia gari letu kupiga dili. Akampigia hapo hapo, kaweka spika.

"Mama, hilo gari mara ya mwisho kuliona ilikuwa Pasaka," fundi akasema. "Na hela yangu ya plagi bado hamjanimalizia."

Akakata simu taratibu. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Usiku alinipakulia ugali wa kwangu na mchuzi wa mchicha, akanitakia usiku mwema, akahamia kulala na watoto. Kesho yake wifi zake wote walikuwa wanajua nina mchepuko Morogoro, na mmoja alishauliza kama ni mnene.

Nikampigia Mzee. Alipokea kwa kunong'ona, akanisimulia mkasa mzima huku akionekana kuufurahia. Kumbe kabla ya kufika Mikese, madereva wa malori waliokuwa wanakuja walimpiga taa, mmoja baada ya mwingine. Kila anayeendesha nchi hii anajua maana yake: punguza, mbele kuna tochi. Mzee yeye alijua anasalimiwa. Akawa anarudisha taa na kuwapungia mkono, akisema moyoni kwamba vijana wa siku hizi bado wana adabu. Hakuona kibao cha 50 wala hakumwona afande aliyekuwa chini ya mti. Mbele kidogo akasimamishwa na afande mwingine kabisa, ambaye picha alikuwa nayo tayari kwenye simu. Mwenzake aliyeshika tochi alikuwa ameshamrushia kwa WhatsApp. Mtu mwingine angeomba msamaha. Mzee alitoa simu yake, akaipiga picha ile picha kwenye simu ya afande.

"Ya nini, Baba?"

"Ya rufaa."

"Na faini?"

"Usilipe kwanza. Naandaa hoja za kikatiba."

Nikamwambia kwamba huku nyumbani mimi ndiye ninayehukumiwa. Akasema nivumilie, yeye ni mtu mzima, atalisawazisha. Na kweli, kabla wiki haijaisha nikaitwa kwenye kikao cha usuluhishi, Jumapili mchana, nyumbani kwake, mwenyekiti yeye mwenyewe.

Sebule ilijaa. Mama mkwe kwenye kochi kubwa, mke wangu pembeni yake na kitenge cha kwenda kwenye mambo mazito, shangazi wawili, na mjomba wake mke wangu, mdogo wake Mama, ambaye ana sukari na maoni. Mimi nilipewa kile kiti cha plastiki ambacho mguu mmoja umeshonwa kwa waya. Mzee akafungua kwa sala ndefu, akaombea hasa wasafiri.

Mjomba hakusubiri. "Kijana, barabara ile tunaijua. Mtu hafiki Mikese kwa bahati mbaya. Unapita Kibaha, unapita Mlandizi, unapita Chalinze, kote huko ungeweza kugeuza. Hukugeuza. Ulifuata nini?"

Nikamtazama Mzee. Mzee akaitazama feni.

"Kabla hatujaingia kwenye kiini," akasema, "nina hoja ya utaratibu. Habari hizi tumezipataje?"

"Kwenye simu," mke wangu akajibu.

"Ahaa." Akavua miwani. Akatukumbusha Ibara ya 16 ya Katiba, kwamba kila mtu anastahili hifadhi ya nafsi yake, "maisha yake binafsi na familia yake na unyumba wake." Hilo neno unyumba alilitamka akinielekezea kidole, kama vile unyumba wangu umewekwa mezani. Kisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023 na ina Tume yake kabisa. "Mtu alikuwa wapi Jumamosi ni taarifa binafsi. Leo anaijua mke, kesho ataijua mwizi. Ujerumani, nilikoenda kozi, picha ya kamera ya barabarani ikitumwa nyumbani, sura ya aliyekaa pembeni ya dereva inazibwa. Wale ni watu waliostaarabika."

"Kabisa!" Mjomba akaruka. "Abiria anaingiaje? Abiria kakosa nini?"

"Abiria gani?" Mama akauliza.

Mjomba akapaliwa na mate.

Hapa niseme ukweli, ukiacha kwamba nilikuwa natolewa kafara, Mzee alikuwa na hoja. Mimi tochi siipingi. Mikese ni kijiji, watoto wanavuka lami kwenda shule, na malori yanapita pale yamebeba tani kibao. Kama kuna kitu cha kumfanya mtu akanyage breki, kiwepo, hata kikijificha nyuma ya mwembe. Mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinachoonyesha basi liko wapi na linakimbia kiasi gani, na dereva akizidisha kinampigia kelele. Kile kinajua mwendo na mahali, hakijui konda anakula nini. Picha ni kitu kingine. Inapigwa na afande huyu, inatua kwenye simu ya afande yule, na ikishamaliza kazi hakuna anayejua inalala wapi. Unakuwa umelipia kosa la mguu, lakini kilichopigwa picha ni kila kitu kilichokuwa nyuma ya kioo.

Lakini sebuleni hakuna aliyetaka kusikia hayo. Mke wangu alisema sheria ni nzuri, ila anataka jina la huyo mwanamke. Shangazi mkubwa akaunga mkono hoja. Mzee akaona mambo yamembana, akasimama. "Nakunywa dawa ya gauti, nakuja."

Akaingia chumbani. Zikapita dakika kidogo, simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikajua ndiyo ukombozi huo. Halafu simu ya mke wangu nayo ikalia. Ya shangazi mkubwa. Ya shangazi mdogo. Ya Mama, kwenye pochi. Ya Mjomba ikalia ule mlio wa jogoo. Zilikuwa zinaitikiana sebule nzima.

Ni grupu la ukoo. Picha mbili na ujumbe:

"Mwanangu vumilia. Namba ya kulipia ipo kwenye hiyo risiti. Picha ya pili ukishaiona ifute. Mama yako asijue."

Ya pili ndiyo niliyoifungua kwanza, na nadhani kila mtu alifanya hivyo. IST yangu, uso kwa uso, namba zinasomeka hadi na lile vumbi la kwenye boneti. Pembeni, 74. Nyuma ya kioo, Mzee, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika ubavu wa mbuzi ameukingama mdomoni kama mpiga filimbi. Kidevu kinang'aa mafuta. Juu ya dashibodi kuna karatasi ya nyama imefunuliwa, ndizi za kuchoma, rundo la kachumbari. Na kwenye kiti cha abiria, kichwa kakilaza nyuma, macho kayafumba kwa raha, chupa ya soda kaigeuza juu chini mdomoni, Mjomba.

Hakuna aliyesema neno. Mama alivaa miwani, akaweka vidole viwili kwenye kioo cha simu, akavitanua. Akasogeza picha kidogo kulia. Akavitanua tena.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mzee akatoka mwepesi, uso umetulia, maana alikuwa ameshagundua kwamba katuma kusikostahili na akafuta. Tatizo ni kwamba alikuwa amefuta kwake tu. Kwetu wengine ilikuwa bado ipo, na chini yake shemeji wa Mwanza alishaweka vikatuni vya kucheka mstari mzima, na binamu wa Arusha alikuwa anauliza mbuzi huyo anauzwa wapi.

"Tuendelee," Mzee akasema, akijiweka sawa kitini. "Tulikuwa kwenye suala la uaminifu."

"Ndiyo," Mama akasema. Hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Gauti inaendeleaje, Baba?"

"Leo imenisumbua sumbua."

"Pole. Na kile kikao cha wastaafu, kilikuwa na ajenda ngapi?"

Mzee akanitazama. Sasa ikawa zamu yangu kuitazama feni.

Mjomba alijaribu kuaga. Alisema ameacha maharage jikoni. Mama akamwambia akae, maharage hayaongezi sukari, na kama ana haraka amweleze kwanza ile soda ilikuwa ya ngapi. Kikao kiliendelea hadi jioni, ila ajenda ilikuwa imebadilika na mimi nilihamishiwa kwenye kochi.

Njiani kurudi mke wangu hakuomba msamaha, na sikutarajia aombe. Aliniambia tu kwamba ningesema tangu mwanzo. Nikamwambia ningesema, baba yake angenisema. Akacheka mpaka nikasimamisha gari pembeni, maana na mimi nilikuwa sioni barabara.

Deni nililipa mimi, 37,500, kwa sababu hoja za kikatiba zilichelewa kuiva. Mzee aliahidi kunirudishia nusu, nusu nyingine nikamdai Mjomba. Mjomba akanijibu kwa ujumbe mfupi: "Abiria hapigwi tochi." Mama naye alimwita mke wangu amfundishe kuangalia madeni ya magari, na sasa kila Jumatatu wanaangalia wote wawili, kila mtu kwake, halafu wanapigiana.

Majuzi Mzee alipita kwangu, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, hii treni ya umeme si inafika Morogoro?"

"Inafika, Baba. Haichukui muda."

"Na haina tochi?"

"Haina."

"Tiketi wanaandika jina?"

"Jina na namba ya kitambulisho."

Akakuna kidevu.

"Basi niazime kitambulisho chako."