Samaki anakosa hewa, sisi tunampa OTC

Vizimba vya sato vimeongezeka Ziwa Victoria kuliko wataalamu wa magonjwa ya samaki. Matokeo yake, samaki wakianza kufa mfugaji anakwenda duka la dawa za mifugo, anaeleza alichokiona, anarudi na pakiti ya OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria), ile ile wanayopewa kuku. Anaichanganya na chakula, anamwaga kizimbani. Kupima hajapima mtu.

Simshangai, maana ana mkopo na samaki wanaelea. Ila dawa hiyo mara nyingi haifiki inakotakiwa. Samaki anayeumwa hali chakula. Chakula chenye dawa kinaliwa na wazima, wagonjwa wamejitenga pembeni ya wavu. Na hata hao wanaokula, OTC haifyonzwi vizuri mwilini mwao: nyingi inatoka na kinyesi, inazama na mabaki ya chakula mpaka kwenye tope. Bakteria wa huko wanaionja kidogo kidogo, wanaizoea. Tukumbuke kwamba OTC ni ukoo mmoja na doxycycline, dawa wanayopewa wagonjwa wa kipindupindu, na kando ya ziwa hili kipindupindu si mgeni. Tunafuga sato, na usugu wa dawa tunaufuga humo humo.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba vifo vingi si vya bakteria hata kidogo. Novemba 2022, upande wa Kenya, samaki wa vizimba walikufa kwa wingi mno. Lawama zilirushwa kila upande, lakini watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walieleza kuwa maji ya chini yenye oksijeni kidogo yalipanda juu. Hapo hata ungemwaga lori zima la OTC, isingesaidia kitu.

Mfugaji anaweza kuanza kutofautisha kwa macho. Ukikuta alfajiri karibu kizimba kizima kiko juu kinahema, na wakubwa ndio wanaotangulia kufa, shuku hewa kwanza. Simamisha chakula, punguza msongamano, sogeza kizimba penye kina na mkondo ukiweza. Wakifa wachache wachache kila siku, macho yametoka, wengine wanaogelea kwa kuzunguka kama walevi, hapo kuna uwezekano wa bakteria aitwaye streptokokasi, na dawa inaweza kuwa na kazi. Lakini ichaguliwe baada ya maabara kumwona samaki, na ipewe muda wa kuisha mwilini kabla ya kuvua. Najua wapo wanaowahi kuvua na kuuza wakiona vifo vinaongezeka, dawa ikiwa bado mwilini. Huo ni uhuni tu.

Nikitaja chanjo ya samaki watu hucheka. Norwei mwaka 1987 ilitumia karibu tani 50 za viuavijasumu kwenye ufugaji wake, wakati samaki aina ya salmoni waliozalishwa hawakuzidi sana tani 50,000. Leo wanazalisha zaidi ya tani milioni moja, na dawa haifiki tani moja kwa mwaka. Walichanja samaki mmoja mmoja kwa sindano kabla ya kuwapeleka baharini, wakapumzisha maeneo ya vizimba, na dawa ikawa haitoki bila cheti cha daktari. Chile, wanaofuga samaki huyo huyo, bado wanatumia mamia ya tani, kwa sababu bakteria anayewasumbua zaidi chanjo hazijamweza vizuri. Kwa hiyo chanjo si uganga. Lakini streptokokasi ya sato ina chanjo zinazotumika nchi nyingine, na hapa kwetu sisikii zikizungumzwa.

Serikali imekuwa ikikopesha vizimba, vifaranga na chakula, na naunga mkono. Ningeongeza vitu viwili kwenye mkopo huo: kipimo cha oksijeni kwa kila kikundi, na maabara moja kila mkoa wa ziwa, inayopokea samaki asubuhi na kutoa majibu kabla mfugaji hajafika dukani.