Mtoto akipimwa VVU, nani anaogopa majibu?

Uliza watu kama watoto wapimwe VVU, wengi watakubali upesi, hasa kama anayesemwa ni mtoto wa jirani. Akitajwa wa kwao, utasikia: "Mbona afya anayo?" au "Bado mdogo, msimsumbue."

Sidhani ni kukosa upendo. Watoto wadogo walioambukizwa wengi wao hupata virusi kwa mama, akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya, kwa hiyo majibu ya mtoto humtaja na mama. Mwanamke anayejua kwamba mumewe atamfukuza, akikataa mwanawe achomwe sindano ya kupimwa, anatetea mahali watakapolala wote wawili. Hofu hiyo ina msingi, na muuguzi anayetamka majibu foleni nzima ikisikia huizidishia nguvu.

Lakini kwa mtoto mchanga, kungoja kunaua. Kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, yaani chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, na mtoto huweza kubaki na zile za mama yake hadi kwenye miezi 18, hata kama yeye hana VVU. Ndiyo maana akiwa na wiki 4 hadi 6 huchomwa kisigino, matone machache yakadondoshewa kwenye karatasi maalumu, ikakaushwa na kupelekwa maabara kutafutwa kirusi chenyewe. Atalia, atanyonyeshwa, atanyamaza. Wenye maambukizi wasipotibiwa, karibu nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka 2. Utafiti wa CHER wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kuwaanzishia mapema ARV, dawa za kufubaza VVU, kulipunguza vifo vya watoto wachanga wenye maambukizi kwa asilimia 76. Baada ya kujua hayo, "tungoje akue kwanza" siwezi kuipokea.

Kwa mtoto wa miaka 10 hivi, wenye wasiwasi nawasikiliza zaidi. Huyu anaelewa. Kuna nyumba ambamo chupa ya vidonge imebanduliwa karatasi yake, mtoto anaambiwa ni dawa ya kifua, naye anameza kila jioni na kikohozi hana. Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2011 kwamba watoto wa umri wa shule waambiwe hali zao, na kwangu kumpima bila mpango wa kumwambia ni kazi iliyoachwa njiani. Tanzania iliposhusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, mwaka 2019, wapo waliohofia kwamba wazazi wanapokwa watoto wao. Nawaelewa, ila kijana asiyethubutu kumwambia baba yake angebaki na hofu yake bila kupimwa.

Jambo moja nawapa wanaopinga bila kubishana: pale ambapo watoto wenye VVU wametengewa siku yao na benchi lao, kila apitaye anajua. Maadamu benchi hilo lipo, mama anayebaki nyumbani na mwanawe sitamwita mkatili.