Shida sio kusoma, shida ni kukosa wa kubishana nae

Kuna mwandishi kaandika kwamba vijana wa Dar hawasomi vitabu, mi naona wanaosoma wapo ila kila mtu kivyake. Sisi tuko saba, Jumamosi jioni tunakaa barazani kwa mama mmoja Magomeni, juzi tulikuwa na Mabepari wa Venisi, ile ya Shakespeare aliyotafsiri Mwalimu Nyerere ikatoka 1969. Tukafika pale Shylock, yule mkopeshaji, anadai akate ratili ya nyama mwilini mwa Antonio, mfanyabiashara aliyeshindwa kumlipa deni, mi shuleni nilikariri kwamba jamaa ni katili, nikajibu mtihani basi. Dada mmoja anauza samaki Feri akasema jamani, huyu si katemewa mate na huyohuyo Antonio anayekuja kumkopa, mlitaka acheke? Tukabishana mpaka chai ikapoa, mzee mmoja akarudi kurasa za mwanzo akatusomea taratibu na kweli mate yapo!! Mara mbili nimesoma ile tamthilia sijawahi kuliona hilo. Na hakuna mwalimu pale, ukisema kitu unaonesha mstari. Wiki ijayo tunaweka picha moja ya kuchora, ya mtindo wa Tingatinga, mezani, tunaiangalia kimyaaa kwanza, halafu kila mtu aseme kaona nini.